Karibu na Mlango wa Behewa

Reli ya Kati inaishia Kigoma, karibu kabisa na maji ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha hapa mwaka 1914, na stesheni yao bado inapokea abiria. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250. Siku hizi mabasi yapo na ndege ipo, lakini mtu wa Kigoma mwenye mizigo mingi, watoto wadogo au mgonjwa bado huchagua treni. Nauli ya daraja la tatu anaimudu, na ndani ya behewa anaweza kusimama, kunyoosha miguu na kwenda msalani bila kumwomba dereva asimamishe gari.

Mimi ni mwalimu, natoka Kasulu, na nilikuwa nakwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Jukwaani palikuwa na magunia ya dagaa, madumu ya mawese na mikungu ya ndizi. Wachukuzi walipitisha mizigo madirishani huku wenyewe wakigombania nafasi juu ya viti. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo treni ilipoanza kuondoka, na watoto wa mtaa wa Mwanga wakatupungia mikono hadi nyumba zikaisha.

Niliwakuta wenzangu wa safari kwenye viti vya kutazamana. Dirishani alikaa mzee wa Ujiji mwenye kofia ya vito, na miguuni pake ameweka birika la maji ya kutawadhia na mkeka uliokunjwa. Mbele yake alikaa bibi mmoja aliyevaa kitenge cha WAWATA, wale akina mama Wakatoliki, na rozari ameizungushia kifundo cha mkono. Alikuwa ametoka Karema, kusini mwa ziwa, kwa boti, na alikuwa anakwenda Tabora kwa mjukuu wake. Upande wa pili wa njia kijana mmoja mfanyabiashara wa simu alikuwa amekumbatia begi lake kifuani. Nafasi moja pembeni ya bibi ilikuwa wazi.

Mwenye nafasi hiyo alikuwa sakafuni karibu na mlango, jirani na choo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amejifunga kanga juu ya kanga, amekalia mfuko wa plastiki, na uso ameuelekeza ukutani. Watu waliokwenda chooni walimruka. Mkaguzi wa tiketi alipofika aliitazama tiketi yake, akamwambia kwa upole kwamba ana kiti, tena kizuri. Binti akajibu kwamba pale alipo panamtosha.

Tulipokaribia Uvinza, mji wa chumvi, usiku ulikuwa umeingia na madirisha mengi yamefungwa kwa sababu ya baridi. Harufu ikaanza kusikika. Kijana wa simu akasema kwa sauti, "Jamani, mwenye samaki wabichi awaweke vizuri, tunateseka." Wengine wakacheka. Binti akavuta magoti yake kifuani.

Bibi wa Karema hakuinua sauti. Alimgeukia yule kijana akasema, "Mwanangu, dirisha hili limekwama na mikono yangu haina nguvu. Njoo unisaidie." Kijana akaja, akalisukuma mpaka likafunguka, akashukuriwa kama mtu aliyefanya jambo kubwa. Kisha bibi akashika ukingo wa kiti, akatembea polepole mpaka mlangoni, akachuchumaa mbele ya yule binti na kumsalimu kwa Kiha. Sikuyasikia yote waliyozungumza. Nilichokiona ni kwamba bibi alikaa naye sakafuni kwa muda mrefu, bega kwa bega, na waliokwenda chooni sasa walilazimika kuwaruka wote wawili. Aliporudi alikuwa amemshika mkono. "Mwalimu," akaniambia, "una kanga ya ziada?"

Nilikuwa nayo. Mzee wa Ujiji naye hakungoja kuulizwa. Aliinua birika lake akampa bibi, akatoa na kipande cha sabuni mfukoni. "Binti yangu, maji haya ni safi. Kajisafishe, uje ukae na sisi." Bibi akamkumbusha kwamba alfajiri atayahitaji kwa sala. Akajibu kwamba Mungu hakumfunga mtu kwa maji. Tulimsindikiza binti chooni, mimi nikishika mlango na bibi akimimina. Alipokuja kukaa alitandika mfuko wake wa plastiki kwenye kiti kwanza, na juu yake bibi akatandika kanga yangu iliyokunjwa mara nne.

Alichokuwa nacho ni fistula ya uzazi. Aliniruhusu niisimulie habari yake ili ifike kwa wengine, bila jina lake wala la kijiji chake. Alipata mimba ya kwanza akiwa bado mdogo, na uchungu ukamshika nyumbani. Ulipita usiku, ukapita mchana, ukapita usiku mwingine, ndipo wakampakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, na kutoka zahanati kwenda hospitali. Wataalamu huita hali hiyo uchungu pingamizi: mtoto hawezi kupita, na kichwa chake hukandamiza nyama laini za mama kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi. Damu haifiki pale palipobanwa, nyama hufa, na baada ya siku chache hutokea tundu kati ya kibofu cha mkojo na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa. Wake alikufa. Alipotoka hospitali alikuwa anavuja mkojo mchana na usiku bila kuuhisi ukija. Mume alimrudisha kwao. Kwao wakamjengea chumba nyuma ya jiko, na humo ameishi miaka saba.

Hakuna laana katika jambo hilo, wala uchawi, wala malipo ya dhambi. Ni upasuaji uliochelewa. Mama mwenye uchungu wa namna ile akifikishwa kwa wakati mahali penye daktari wa upasuaji, fistula haitokei. Kwa hiyo ugonjwa huu huwapata hasa wanawake maskini wa mbali na barabara, na sababu kubwa ni umbali na ufukara. Halafu jamii huwaongezea hukumu. Binti alitueleza kwamba alikuwa hajaingia kanisani miaka yote hiyo, kwa kuwa mara ya mwisho benchi lote lilihama.

Usiku ule, treni ikikata bonde la Malagarasi, niliwaza habari anayoisimulia Marko katika sura ya tano. Yesu alikuwa safarini. Alikuwa ameitwa na mkuu wa sinagogi, Yairo, ambaye binti yake wa miaka 12 alikuwa mahututi, na umati ulimsonga njia nzima. Katikati ya umati alikuwamo mwanamke aliyetokwa na damu kwa muda uleule, miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga. Kwa sheria iliyoandikwa katika Mambo ya Walawi sura ya 15, mwanamke wa hali yake alihesabiwa kuwa najisi, na kila alichokikalia kilihesabiwa najisi pia. Ndiyo maana alikuja kwa nyuma na kwa siri. Akaligusa vazi la Yesu, akapona, na mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Yesu alisimama. Mgonjwa wa mtu mkubwa alikuwa anasubiri na kila dakika ilikuwa na thamani, naye akauliza ni nani aliyemgusa, akangoja mpaka yule mwanamke ajitokeze na kueleza kila kitu mbele ya watu. Ndipo akamwita binti.

Naamini kusimama kule kulikuwa sehemu ya uponyaji. Damu ilikwisha kukoma, ila mwanamke bado alikuwa mtu ambaye mji mzima ulimkwepa. Aliporudishwa hadharani, akaitwa mtoto na kuambiwa aende kwa amani, aliponywa pia ile miaka ya kukaa pembeni. Mkristo aliye njiani huenda hana uwezo wa kuponya kibofu, lakini huo uponyaji wa pili uko mikononi mwake kila siku. Anaweza kusimama, kusogea, kumwita mtu kwa jina la undugu na kukaa kwenye kiti ambacho wengine wamekikimbia. Bibi wa Karema alifanya hayo yote kabla hatujafika stesheni ya Nguruka.

Alfajiri ilitukuta Urambo, nchi ya tumbaku na asali. Treni ilisimama kungoja kupishana na nyingine, na mzee wa Ujiji akashuka. Nilimwona kwenye udongo mkavu kando ya reli, akigusa ardhi kwa viganja viwili na kujipangusa uso na mikono. Ni tayamamu, udhu wa mtu asiye na maji. Akatandika mkeka wake, akasali, akapanda tena akiwa na mahindi ya kuchoma ya watu watano. Yesu alipoulizwa na mwanasheria jirani ni nani, alimchagua Msamaria, mtu wa ibada nyingine, awe mfano kwa wasikilizaji wake. Mimi niliyelelewa katika mfano huo tangu shule ya Jumapili nilipewa kuuona kwa macho, na nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mzee na birika lake.

Baada ya kula, bibi akaanza kutusimulia Karema. Katika pwani ile yote hakuna mzee asiyelijua jina la Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuvushwa jangwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha utabibu kisiwani Malta, naye akafika Karema mwaka 1889 akiwa tabibu na katekista. Hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Alitibu vidonda, macho, homa na majeraha ya wanyama kwa zaidi ya miaka sitini, kati ya watu ambao lugha yao alijifunza ukubwani. Bibi alisema kwamba wazazi wa Karema humtaja Atiman pale mtoto anapokataa kumhudumia mgonjwa nyumbani. Humwuliza mtoto: kama aliyeuzwa sokoni kwa bei ya mnyama alikuja kutuosha sisi vidonda, wewe umeuzwa na nani hata ushindwe kumpelekea bibi yako maji?

Binti alikuwa anasikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiinua uso. Bibi alikuwa na neno jingine kwake, na hili lilikuwa la kitabibu. Tangu Kigoma binti alikuwa hajanywa kitu. Alifikiri akikaa na kiu atavuja kidogo, na wanawake wengi wenye fistula hufikiri hivyo. Mambo huwa kinyume chake: mkojo wa mtu asiyekunywa maji huwa mzito na mkali, hunuka zaidi na kuunguza ngozi ya mapaja mpaka inachubuka. "Kunywa, mwanangu," bibi akasema. "Kunywa mengi. Nguo tutafua." Akanywa chupa nzima huku analia.

Tabora ni njia panda ya reli. Mabehewa ya Mwanza huungana hapa na ya Kigoma, na treni hukaa muda wa kutosha watu kununua asali, kunawa uso na kuonana na ndugu. Hapo ndipo bibi aliposhukia. Tulijaza birika la mzee kwenye bomba la stesheni, tukafua kanga na kuzitundika dirishani. Kisha bibi akanivuta kando, akafungua fundo la kanga yake na kutoa noti ya shilingi elfu kumi. Nikakataa. Akanifumbata kiganja juu ya noti ile. "Hii ni ya chakula chake na ya bajaji mkifika. Ikipungua, nipigie simu, nitaona namna. Mimi naishia hapa, mwalimu. Huyu sasa ni wako."

Tumezoea kusimulia habari ya Msamaria tukaishia pale anapofunga majeraha kwa mafuta na divai. Luka anaendelea. Msamaria anamfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, analala naye usiku mmoja, na kesho yake anaondoka, kwa sababu naye ana safari. Anaacha dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili za kibarua, na anaahidi kulipa kitakachozidi. Mwenye nyumba ya wageni hatajwi sana mahubirini, nami nadhani anastahili. Yeye ndiye aliyebaki na mgonjwa, akambadilishia vitambaa na kumletea uji, kwa kumwamini mtu asiyemjua. Huruma ya Kikristo inahitaji watu wa namna zote mbili, anayeokota njiani na anayepokea. Pale Tabora nilitolewa kwenye kundi la kwanza nikaingizwa la pili.

Nilijua pia kwamba mlolongo ule wa huruma haukuanzia kwenye treni. Mwanamke mmoja wa kata ya jirani na kijiji cha binti, ambaye naye alivuja zamani na akapona, ndiye aliyemfuata nyuma ya jiko na kumwambia kwamba ugonjwa huu una matibabu. CCBRT, hospitali iliyopo Msasani jijini Dar es Salaam, ina mtandao wa mabalozi kama huyo katika mikoa. Tangu mwaka 2009 hospitali hiyo imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa: balozi anapompata mgonjwa huipigia hospitali, fedha huingia kwenye simu ya balozi, naye humkatia mgonjwa tiketi. Matibabu ya fistula hutolewa bure. Nilipoelezwa utaratibu huo niliziona dinari mbili za Msamaria zikipita kwenye simu ya mkononi hadi kijiji kisicho na benki. Wema unaotoka moyoni unahitaji pia mtu wa kuupangia hesabu, simu, kitanda na zamu ya wauguzi. Bila hao, machozi yetu yote ya ndani ya treni yangemrudisha binti nyuma ya jiko.

Kutoka Tabora reli inakata vichaka vya Itigi, kisha inashuka Saranda, na kila msafiri wa reli hii anajua kuku wa Saranda. Wauzaji hukimbia na sinia kichwani kabla magurudumu hayajasimama. Kijana wa simu alinunua kuku mzima. Akaja naye kwenye viti vyetu, akamweka katikati, akakaa mahali alipokuwa bibi. Hakuna aliyemkumbusha maneno yake ya Uvinza. Alimpa binti paja, akamwambia, "Dada, kula," na baada ya hapo wakazungumza habari za simu, na ipi inakaa na chaji.

Jioni tukaingia Dodoma. Wengi walishuka ili wakachukue treni ya umeme ya reli mpya, ambayo tangu mwaka 2024 inawafikisha Dar es Salaam kwa saa chache badala ya usiku mzima. Kijana naye alikuwa anakwenda huko. Aliniambia pembeni kwamba atamlipia binti nauli ili afike mapema na apate choo kizuri. Ulikuwa moyo mwema, na nilimpelekea binti habari hiyo kwa furaha. Alifikiri kidogo, akamshukuru sana, akasema atabaki. Kule hamjui mtu. Huku kuna mwalimu, kuna mzee, na hakuna anayemkimbia. Kijana akasimama na mkono mfukoni, hajui la kufanya. Mwishowe akanunua maboksi mawili ya maji, akayapitisha dirishani, akaandika namba yake kwenye kipande cha karatasi na kumpa mzee, apewe taarifa.

Nimeutafakari sana uchaguzi ule wa binti. Sisi tunaosaidia hupenda kutoa kilicho bora kwa macho yetu: kiti cha haraka, chakula kizuri, hospitali kubwa. Vitu hivyo ni vyema na vinahitajika. Lakini mtu aliyekaa peke yake miaka saba alijua vizuri kuliko sisi kipi kilikuwa adimu. Aliona usiku mmoja wa vumbi pamoja na watu ni bora kuliko saa nne za starehe akiwa mgeni kwa wote. Anayetaka kumhurumia mwenzake kwa kweli na amwulize kwanza, kisha apokee jibu lake hata kama halifanani na alichokuwa amekiandaa.

Usiku tulipita Gulwe na Kidete, tukafuata mto Mkondoa kuelekea Kilosa. Sehemu hii mafuriko yameikata reli mara nyingi. Yale ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu njia kiasi cha kusimamisha safari. Nilimsimulia binti habari za Catherine Hamlin, daktari Mkristo kutoka Australia, na mumewe Reginald wa New Zealand. Walikwenda Addis Ababa mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu wa kufundisha wakunga. Wakawakuta wanawake wanaovuja ambao hakuna aliyetaka kuwapokea wodini. Wakajifunza kuwatibu, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula peke yake. Reginald alifariki mwaka 1993. Catherine alibaki Ethiopia hadi kifo chake mwaka 2020, akiwa na miaka 96. Baadhi ya wanawake waliotibiwa pale wakawa wahudumu wa wenzao, na mmoja wao, Mamitu Gashe, ambaye hakuwa amesoma shule alipofika, akafundishwa upasuaji wenyewe na kuufanya kwa ustadi uliotambuliwa nje ya Ethiopia. Binti alinirudishia swali mara mbili: alikuwa anavuja, yule? Alikuwa anavuja. Na akaja kupasua wengine? Akaja kupasua. Binti akanyamaza, akavuta kanga, akalala akiwa ameegemea bega langu hadi Morogoro.

Asubuhi Dar es Salaam ilitupokea kwa joto na honi. Mzee wa Ujiji alikuwa na mwanawe aliyekuja kumchukua, naye hakukubali tupande bajaji. Tuliingia wote kwenye gari la mwanawe, binti mbele kabisa kwa amri ya mzee, mpaka Msasani. Pale mapokezi muuguzi alimwita kwa jina lake, maana walikuwa wanamtarajia. Akamwonyesha bafu, akampa nguo safi, akamweleza bila haraka kitakachofuata: vipimo, upasuaji, kisha wiki kama mbili akiwa na mpira wa mkojo ili mshono upone. Upasuaji mmoja huwatosha wengi, na wengine huhitaji zaidi ya mmoja. Kwenye benchi walikaa wanawake wa Mtwara, Rukwa na Tanga. Mmoja alijisogeza kumpa nafasi, akamwuliza, "Na wewe unavuja miaka mingapi?" Binti akajibu kwa sauti ya kawaida. Alikuwa hajawahi kulijibu swali hilo mbele ya watu.

Nilikwenda harusini, na kabla ya kurudi Kasulu nilipita kumwona. Alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji na anasubiri mpira utolewe. Alizungumzia Kituo cha Mabinti, ambacho CCBRT ilikianzisha ili wanawake waliopona fistula wajifunze kushona na kuendesha biashara ndogo, akajiuliza kama angepata nafasi. Tulimpigia simu bibi wa Karema. Yule bibi hakuuliza juu ya elfu kumi yake. Aliuliza kama binti anakunywa maji, akaahidi kwamba WAWATA wa parokia yake watamtolea sala, na kwamba watapita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya ziwani kuwatafuta wengine.

Wazo hilo la kuwatafuta wengine nimelichukua, na nawaletea na ninyi. Katika kila usharika na kila parokia ya vijijini yupo mwanamke aliyeacha kuja ibadani bila maelezo. Mwenyekiti wa jumuiya anajua nyumba yake. Mwendeni mkiwa wawili, akina mama, mkiwa na muda wa kukaa. Msianze na maombi ya kufukuza roho. Mwulizeni kuhusu uzazi wake na msikilize. Mwambieni kwamba jambo lake lina jina, kwamba linatibiwa, kwamba nauli inaweza kutumwa na kwamba tundu lile halikutoka kwa Mungu. Nendeni naye zahanati ili muuguzi awasiliane na hospitali inayotoa matibabu hayo. Na siku atakapopanda basi au treni, hakikisheni yupo mtu wa kukaa naye kiti kimoja. Wachungaji na mapadre, litangazeni jambo hili mimbarani kwa maneno yaliyo wazi, wanaume wakiwepo, kwa sababu mara nyingi mwanamume ndiye anayeamua kama mkewe mwenye uchungu atafikishwa hospitali leo au kesho. Anayefikishwa leo hatahitaji safari hii.